Safari ya Kuitafuta Wakanda

Ndugu wasomaji, wanafunzi wenzangu, na ninyi ndugu zetu mliokwisha kutoka shuleni hapa, naanza makala haya kwa kuungama kosa. Muhula uliopita, katika mkutano wa chama chetu cha majadiliano, nilisimama mbele ya shule nzima nikasema kwamba sinema ya Black Panther ilipigwa katika msitu wetu wa Nyungwe. Tulikuwa tumeitazama sinema ile bwaloni Jumamosi moja usiku, nami nilipoiona migongo ya milima yenye ukungu, nilijiambia, "Hapa napajua." Basi nikasema kwa sauti kubwa, nikashangiliwa sana. Wadogo wa kidato cha kwanza wakaniamini, na watatu wao wakaliandika jambo hilo katika insha zao. Hata gazeti letu likaichapa habari ya mkutano ule.

Hazikupita wiki nyingi, Bwana Mhariri akapokea barua kutoka kwa mwanafunzi mmoja wa zamani. Barua ile ilikuwa na swali moja tu: "Kijana huyo amejuaje?"

Sikuwa na jibu. Sikujua, nilidhani. Na mtu anayedhani, kisha akasema kama anayejua, hana tofauti na mwongo ila kwa nia. Kwa hiyo nikaona sharti nitafute ukweli, kwanza kwa kusoma, kisha kwa miguu yangu.

Haya ndiyo niliyoyapata katika kusoma. Wakanda si nchi ya kweli. Ilibuniwa Marekani na Stan Lee na Jack Kirby katika kitabu cha hadithi za picha kilichotolewa mwaka 1966. Ni ufalme wa Kiafrika uliofichwa, wenye madini ya ajabu. Sinema ya kwanza ya ufalme huo, iliyoongozwa na Ryan Coogler, ilitoka Februari 2018. Ilipata zaidi ya dola bilioni 1.3, na mwaka 2019 ikapewa tuzo tatu za Oscar: ya mavazi, ya mandhari na ya muziki. Mwaka 2022 ikafuata ya pili, wakati huo Chadwick Boseman aliyeigiza mfalme akiwa amekwisha kufariki dunia, mwezi wa Agosti 2020.

Sasa, sinema ile ilipigwa wapi? Wengi wetu hufikiri kwamba sinema hupigwa mahali pamoja kama picha ya arusi: watu husimama, mpiga picha hubonyeza, na mlima ulio nyuma yao ndio mlima waliosimama mbele yake. Sivyo hata kidogo. Sinema ya namna hii hushonwa kama vazi. Fundi hukata mkono kwa kitambaa kimoja na kola kwa kingine, na akiwa hodari, mvaaji hauoni mshono.

Waigizaji wenyewe walipigwa zaidi mjini Atlanta, katika jimbo la Georgia, Marekani, mwanzoni mwa mwaka 2017. Mnayakumbuka maporomoko ya maji ambapo mfalme anashindana na wanaotaka kiti chake? Maporomoko yale yalijengwa na mafundi huko huko Atlanta. Miamba yake iliigwa kutoka korongo la Oribi, Afrika ya Kusini, na maji yake, zaidi ya galoni 100,000, yalizungushwa kwa pampu. Ule mji wa dhahabu wenye maghorofa na treni za kuruka haukujengwa kwa mawe wala kwa mbao, bali ulichorwa kwa kompyuta. Mara nyingi mwigizaji husimama mbele ya kitambaa kikubwa cha rangi ya buluu. Baadaye mafundi huiondoa rangi hiyo kwa kompyuta na mahali pake huweka mlima, anga au mji wautakao. Ndiyo sababu mtu aliye Georgia huweza kuonekana amesimama mbele ya mlima wa Afrika.

Ardhi ndiyo iliyotoka kwetu Afrika. Wapiga picha walipita angani juu ya Afrika ya Kusini, Zambia na Uganda. Katika Uganda walipiga msitu wa Bwindi na milima ya Rwenzori. Mavazi nayo yalikusanywa pande zote: mablanketi ya watu wa mpakani yanatokana na yale ya Wasotho, kofia ya mama wa mfalme inatokana na ya wanawake wa Kizulu, na mavazi mekundu ya askari wanawake yana alama ya Wamaasai. Lugha inayosemwa ni Kixhosa cha Afrika ya Kusini. Miongoni mwa waigizaji walikuwamo Lupita Nyong'o, Mkenya. Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala. Na Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London ambaye wazazi wake ni Waganda.

Basi Nyungwe haimo. Niliisoma orodha mara mbili, nikaona haya peke yangu.

Hata hivyo, jambo moja likanivuta. Nilisoma kwamba katika nchi nyingi watu hufunga safari kwenda kuona mahali palipopigwa sinema za hadithi. New Zealand, karibu na mji wa Matamata, liko shamba la kondoo ambako palijengwa kijiji cha wale watu wafupi wa sinema za The Lord of the Rings. Leo wageni kutoka nchi nyingi hulipa kiingilio ili kuziona nyumba ambazo hazijakaliwa na mtu hata mmoja. Scotland, wengi huenda Glenfinnan kulitazama daraja la reli lenye matao 21, kwa kuwa wameliona katika sinema za Harry Potter. Tunisia, katika kijiji cha Matmata, watu waliishi tangu zamani katika nyumba zilizochimbwa ardhini. Nyumba moja ya namna hiyo, iliyogeuzwa hoteli, ilipigwa picha mwaka 1976 kuwa nyumba ya kijana wa sinema za Star Wars. Hata sayari ya kijana yule ilipewa jina linalotokana na mji wa kweli wa huko, Tataouine.

Nami nikatamani kwenda. Rwenzori ni mbali kwa mfuko wangu, lakini Bwindi haiko mbali na mpaka wetu, na shangazi yangu ameolewa Kisoro, upande wa Uganda. Katika likizo ya Pasaka nikachuma kahawa kwa ujira, na likizo kubwa ilipofika nikaomba ruhusa kwa baba. Akaniuliza, "Waenda kutazama nini?" Nikamjibu, "Mahali palipopigwa sinema." Akasema, "Na sinema yenyewe si umeiona?" Lakini akaniruhusu, kwa sharti nimpelekee dada yake kilo tano za maharage.

Nilipanda basi la alfajiri kutoka Kamembe. Tulipita Nyungwe kutoka mwanzo hadi mwisho, nami nilikuwa nimelala usingizi, kichwa dirishani. Nawaombeni mlikumbuke jambo hilo, maana nitalirudia. Nikalala Kigali kwa mtoto wa baba yangu mdogo, kesho yake nikafika Musanze, kisha mpaka wa Cyanika. Mtu wa Rwanda huvuka kwa kitambulisho chake tu. Toka mpakani hadi mjini Kisoro si safari ndefu.

Shangazi alinipokea kwa furaha, akacheka alipoisikia sababu ya safari yangu. Siku ya tatu nikapanda pikipiki kwenda Nkuringo, kwenye mgongo wa mlima unaoukabili msitu wa Bwindi. Barabara ni ya udongo, yapinda kama nyoka aliyekanyagwa, na vumbi lake lilinifanya mtu mwekundu. Nilipofika nilishuka, nikapangusa macho, nikatazama.

Wasomaji, ni pazuri mno. Bonde laporomoka chini ya miguu yako, na ng'ambo yake msitu waanza na hauishi: kijani juu ya kijani, na ukungu watoka mabondeni kama moshi wa jiko la asubuhi. Msitu huo ni wa kilometa za mraba 321, na tangu mwaka 1994 umo katika orodha ya urithi wa dunia. Nikangoja kusikia moyoni kwamba nimefika Wakanda. Nilingoja sana. Hapakuwa na kibao, wala alama, wala kitu chochote cha sinema. Kamera ipitayo angani haiachi nyayo.

Alikuwapo mzee mmoja, kiongozi wa wageni, aliyekuwa akipumzika siku ile. Watu wa huko husema Kifumbira, nacho kiko karibu sana na Kinyarwanda, kwa hiyo tulielewana. Nikamwamkia, nikamwuliza, "Mzee, sinema ya Wakanda ilipigwa upande gani?"

Akanitazama. "Kijana, watu wanaokuja hapa huulizia gorila. Wewe waulizia sinema?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi nami nikuulize. Bwindi maana yake nini?"

Sikujua. Akanieleza kwamba jina lenyewe refu ni Mubwindi bwa Nyinamukari, yaani gizani kwa Nyinamukari. Husimuliwa kwamba zamani familia moja iliyohama kutoka upande wa kusini ilifika kwenye kinamasi kikubwa ndani ya msitu ule, isiweze kuvuka. Mizimu ya kinamasi ikadai wapewe binti aliyeitwa Nyinamukari, ndipo waiache familia ipite. Wazee wakakaa siku mbili wakihangaika: nyuma hawakuweza kurudi, na mbele hawakuweza kwenda. Mwishowe wakamtupa binti majini, nao wakavuka salama. Habari ilipoenea watu wakauogopa msitu, wakauita kwa jina lake.

Nikanyamaza. Nilikuwa nimetoka Nkungu, nchi nzima nimeikata, kuifuata hadithi iliyobuniwa Marekani, kumbe mahali penyewe palikuwa na hadithi yake, tena nzito kuliko ile. Mimi nilikuwa sijui hata maana ya jina.

Jambo la pili nililipata kwa bibi mmoja aliyekuwa akiuza vikapu kando ya barabara. Alikuwa Mtwa. Katika sinema, mnakumbuka, ndege ya mfalme yauelekea msitu, mtazamaji adhani itaugonga. Kumbe msitu ni pazia tu, na nyuma yake uko mji. Miti ile haina mtu. Mimi nilidhani utupu ule ni hila ya kamera. Nilipomwambia bibi kwamba nimekuja kuutazama msitu, akaunyoshea kidole akasema, "Mle ndimo nilimozaliwa. Sasa nikitaka kupaona kwetu, yanipasa kuomba ruhusa."

Nikaeleza aliyoyasema kwa kiongozi yule, naye akathibitisha. Mwaka 1991 Bwindi ilipofanywa hifadhi ya taifa, Watwa waliokuwa wakiishi kwa msitu ule walitolewa, na wengi wao hawakupewa ardhi ya kuhamia. Sisemi kwamba msitu haukustahili kulindwa. Hesabu iliyofanywa mwaka 2018 katika Bwindi, pamoja na msitu wa Sarambwe ulio upande wa Kongo, iliwakuta gorila wa milimani 459, na bila ulinzi pengine tungekuwa tunawasimulia tu kama tunavyowasimulia wanyama waliokwisha. Lakini mema ya gorila yalilipiwa, na waliolipa ni watu kama bibi yule. Kamera haikulionyesha jambo hilo, wala haikuwa kazi yake. Ni kazi ya msafiri kuuliza.

Nilinunua kikapu kidogo, ingawa fedha zilikuwa zimepungua.

Kabla sijaondoka, ukungu wa upande wa kusini ukafunguka, na kiongozi akaniita. "Ile milima waijua?" Nikatazama. Milima ya Virunga ilikuwa imesimama kwa safu, na mmoja wao ulichongoka kama pia iliyogeuzwa. Ulikuwa Muhabura! Mlima ule una meta 4,127, na mpaka wa Rwanda na Uganda wapita juu yake. Nimekuwa nikilisikia jina lake tangu utoto, na maana yake kwa lugha yetu ni yule anayeonyesha njia. Basi nilikwenda nchi ya watu kuitafuta Wakanda, na kitu cha mwisho nilichoonyeshwa kilikuwa mlima wa kwetu.

Kurudi, sikulala. Basi lilisimama Huye, nami nikakumbuka jambo jingine nililolisoma. Mji huo ulipokuwa ukiitwa Astrida, walifika watu wa kampuni ya MGM ya Marekani kupiga sinema ya King Solomon's Mines, iliyotoka mwaka 1950. Walizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika, Kongo na hapa kwetu. Wacheza ngoma wa Rwanda walionekana katika sinema ile wakiwa raia wa ufalme wa hadithi, nalo pango la hazina lilipigwa New Mexico, Marekani. Sinema ikapata tuzo mbili za Oscar. Kushona kwa viraka, basi, si jambo jipya. Na nchi yetu imekuwa kiraka tangu zamani za babu zetu. Watu wa dunia waliwaona babu zetu, wakawastaajabia, lakini hawakuambiwa majina yao.

Kisha tukaingia Nyungwe. Sasa nilitazama. Kilometa za mraba 1,019, spishi 13 za nyani, kima na sokwe, na maji yanayogawanyika: ya upande mmoja yaenda Kongo, ya upande mwingine yaenda Nile. Mwaka 2023 Nyungwe nayo iliandikwa katika urithi wa dunia. Hayo yote yalikuwapo nilipopita nimelala. Wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi. Mimi naongeza kwamba penye milima hapana watazamaji, mpaka aje mtu na kamera.

Sasa, kwa wasomaji watakaopenda kufunga safari ya namna hii, nawapeni mashauri manne.

Kwanza, kabla ya kwenda, soma ujue ni sehemu gani hasa iliyopigwa pale: watu, mji au ardhi. Ukiifuata ngome ya mfalme Bwindi, utarudi umekasirika bure.

Pili, ukifika usitafute sinema. Sinema umekwisha kuiona. Tazama kile ambacho kamera ilikiacha.

Tatu, uliza jina la mahali na maana yake. Sinema huazima sura ya nchi, kisha huipa jina jingine. Huo si wizi, maana hadithi yahitaji mahali pa kukaa, kama Tunisia ilivyoazimwa ikawa sayari. Lakini mwenyeji akilisahau jina la kwanza, hapo ndipo nchi inapopotea.

Nne, mlipe mtu wa mahali hapo akuongoze, au nunua kitu chake. Yeye ndiye aliyeutunza uzuri ulioufuata, au aliyeondolewa kwa ajili yake.

Msinidhanie kwamba nimeichukia sinema. Naipenda bado, na nitaitazama tena. Bila sinema ile nisingefika Nkuringo, wala nisingekisikia kisa cha Nyinamukari, wala nisingeketi macho wazi katika basi la Kamembe. Kosa halikuwa la sinema. Kosa lilikuwa langu, niliyetaka msitu wetu uwe na sifa kwa sababu ya jina la Wakanda, kana kwamba jina la Nyungwe halitoshi.

Kwa hiyo, mbele ya shule nzima kama nilivyosema mwanzo, nayafuta maneno yangu. Wadogo zangu watatu wa kidato cha kwanza, sahihisheni insha zenu. Mkipungukiwa na karatasi, zangu zipo. Na wewe, ndugu yetu wa zamani uliyeuliza nimejuaje, asante. Swali lako lilinigharimu ujira wa kahawa, nami siujutii.

Nina ombi moja la mwisho. Nimeanza daftari, na ndani yake naandika majina ya vilima vyote vionekanavyo kutoka uwanja wetu wa mpira hapa Nkungu, na maana zake, na kisa cha kila jina. Mpaka leo nimepata kumi na moja, na viwili kati yake wazee wamebishana mbele yangu mpaka giza likaingia. Ninyi mliosoma hapa kabla yetu, mlio Kamembe, Kigali, Bukavu na kwingineko, mliyasikia mambo ambayo sisi hatukuyasikia. Tuandikieni kwa anwani ya gazeti hili. Mimi namaliza masomo mwaka huu, lakini daftari nitaliacha maktabani.

Wasalaam.